Lipia Hiyo Mkate Mayai, Bro

Wasee, leo sitazunguka. Kama unapiga video za chakula na unakula mkate mayai ya mtu mbele ya kamera bila kulipa, hii ni yako. Na kama wewe ni wa kutazama tu, ule wa kuandika "lokesheni?" kwenye komenti kabla video iishe, usiende popote. Yako iko huko chini.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Mkate mayai ninayosema ni ile ya asubuhi, ya jiko na pani, vipande viwili vya mkate mweupe vimeshikana na yai lenye kitunguu na dhania, imefungwa kwa karatasi ya kaki, unaila umesimama, chai ya maziwa kwa mkono ule mwingine. Kuna wanaoiita tosti mayai, kuna wanaoiita sandwichi. Kwetu ukisema tu "nifungie moja" umeeleweka. Ukishuka Mombasa uombe mkate wa mayai hivyo hivyo, utaletewa kitu tofauti kabisa: keki laini ya mayai, sukari na iliki, ile ya kuokwa moto ukiwa chini na juu. Ni tamu, siwezi kuisema vibaya, lakini si hii.

Nimezitafuta hizi kitu kwa karibu miaka miwili. Naamka saa kumi na moja, napanda mat ya kwanza, nashuka mahali sijawahi kushuka na kufuata harufu ya kitunguu. Ngara, Kariokor, Burma, Githurai, Umoja, ile barabara ya Lunga Lunga yenye mageti ya viwanda. Kwa hivyo nikisema kuna nzuri na kuna mbaya, nasema kama mtu ambaye tumbo lake limefanya kazi.

Nzuri inatambulika hata kabla uionje. Yai linavunjwa baada ya wewe kuagiza, si kabla. Linapigwa kwa kikombe pamoja na chumvi, kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo hadi karibu kipotee, dhania, na kama mathe ana roho safi, hoho kidogo. Mafuta lazima yawe moto kabisa. Yakiwa vuguvugu mkate unayanywa yote, na utatembea na hiyo radhi kwa kifua mpaka saa sita. Sasa hapa ndipo kuna kazi: yai likishamwagwa, mkate unalazwa juu yake likiwa bado bichi upande wa juu. Hizo ni sekunde chache tu. Ukichelewa, yai linaiva peke yake na mkate unakaa juu yake kama mgeni, ukiuma inateleza yote inaanguka kwa kiatu. Ukiwahi, yai linaingia kwa vile vishimo vya mkate na vinakuwa kitu kimoja. Halafu inapinduliwa, mkate unapata rangi, inakunjwa, inabonyezwa na kijiko cha mti. Basi.

Na mkate uwe wa jana. Najua mtanipigia kelele, lakini mkate wa leo asubuhi ni laini mno, unararuka ukipinduliwa. Wa jana umekauka kiasi, unashika. Mathe mmoja upande wa Kariokor hununua mkate jioni makusudi ulale, na nilipomuuliza kwa nini aliniangalia kama nimemuuliza kwa nini anavaa viatu.

Karatasi pia ni mambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, tunafungiwa kwa kaki, na mimi naona hiyo sheria ilisaidia kifungua kinywa kuliko mtu yeyote alivyopanga. Plastiki ilikuwa inafungia mvuke ndani, ukifika kazini unapata mkate umelowa kama umenyeshewa. Kaki inapumua, na inakunywa mafuta ya ziada.

Ya petroli steisheni, ile ya pembetatu ndani ya boksi la plastiki, yenye yai la kuchemsha na mayonezi baridi, siwezi kuipa sentensi mbili.

Ya kafe, tuwe na haki. Nimekula ya mkate wa chachu, yai lenye kiini kinachomwagika, avokado pembeni, na ilikuwa poa. Bei yake ingenunua karibu kumi na tano za mtaani. Lakini pale unalipia kiti, unalipia choo safi, unalipia waifai na kukaa saa tatu na laptopu bila mtu kukuuliza unaondoka lini. Hiyo ni biashara halali na kila mtu anajua ananunua nini. Sina shida nao. Rolex nayo, ile ya Waganda, mayai yamekunjwa ndani ya chapati, naipenda sana, na Kampala wameipenda hadi wakaifanyia tamasha lake tangu 2016. Kama ni sandwichi au si sandwichi, mtapigana kwa komenti, mimi sipo.

Sasa turudi kwa ishu.

Juzi nilikuwa kwa foleni mahali fulani, kama watu tisa mbele yangu. Makanga wawili, mlinzi ametoka zamu ya usiku bado ana koti kubwa, wasee wa mjengo, dada wa chuo. Akaja jamaa mmoja wa video, simtaji, wengi wenu mnamfuata. Alikuja na rafiki wa kushika kamera na ile taa ya duara. Akamwambia mathe, "Mathe, tunataka kukuweka juu. Utajulikana Kenya mzima." Mathe akacheka, akasema sawa. Basi yai likamwagwa la kamera. Halikutoka vizuri. Likamwagwa lingine, polepole. Mkate ukapinduliwa mara tatu kwa sababu mkono wa mshika kamera ulikuwa mbele ya taa. Wakala, wakasema "wueh", wakafunga vitu vyao, wakaenda. Hakuna shilingi iliyotoka mfukoni. Watu wanne walikuwa wameshaondoka kwa foleni, kwa sababu gari haingoji yai.

Wengi wataniambia, "Lakini si amepata watu wa kumjua? Hiyo tangazo angelipia pesa ngapi?" Hapo ndipo nataka tupige hesabu, na si ya chuo, maana hiyo mimi niliachana nayo. Ni hesabu ya pani.

Ninapokula mara nyingi ni chwani, shilingi 50, yai moja na vipande viwili. Kreti ya mayai 30 mathe anainunua 450, kwa hivyo yai ni 15. Mkate wa gramu 400 ni 65, nimehesabu vipande ni 12, kwa hivyo viwili ni kama 11. Kitunguu, dhania, mafuta, makaa na karatasi, weka 10. Jumla ni 36. Anabaki na 14. Shilingi kumi na nne, wasee, na bado hajatoa pesa ya maji na ya kale kanafasi anakosimama.

Ukila moja bure umemtoa 36. Ili arudishe hiyo 36, lazima auzie watu watatu wengine, na hapo bado anabaki na shilingi sita tu ya jasho lake. Nyinyi wawili mkila bure, na mayai mawili yakamwagika kwa ajili ya kamera, umefanya watu saba au wanane wa asubuhi hiyo wamfanyie kazi ya bure. Wao hawajui. Yeye anajua, lakini anacheka kwa sababu umekuja na taa na amelelewa kutofukuza mgeni.

Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni pani. Pani yake inatosha mbili kwa wakati mmoja, na kila mzunguko ni kama dakika tatu. Saa zake za pesa ni kutoka saa kumi na mbili hadi saa mbili na nusu, baada ya hapo watu wote wameshaingia kazini. Hizo ni dakika 150, mizunguko 50, mikate mayai 100 kama hakuna kitu kitamsimamisha. Yeye hununua kreti tatu, mayai 90, na kufika saa mbili na nusu yameisha. Kila siku yameisha, hata kabla yako. Sasa niambie, mtu ambaye anamaliza bidhaa yake yote kila siku, kumjulisha kwa watu laki moja kunamsaidia wapi? Video yako haiongezi upana wa pani. Haimpi mkono wa tatu. Ulichofanya ni kusimamisha hiyo pani dakika kumi na tano, saa moja kasoro, wakati inatoa pesa kuliko wakati mwingine wowote. Hiyo ni mikate kumi haikuuzwa.

Kafe ikipata watu mia wapya, inaongeza mpishi na meza. Ndiyo maana kafe inaweza kukuita, ikulishe, ikulipe, na iandike hiyo kama gharama ya matangazo. Mko sawa hapo, ni biashara mbili zimekubaliana. Jiko la pembeni ya steji halina hiyo hesabu. Kulichukulia kama kafe ni kujifanya hujui unachokiona.

Najua kuna vibanda vipya, jamaa ameanza wiki jana na hakuna anayemjua, mayai yanabaki. Huyo kweli video inaweza kumwokoa. Sawa. Mpigie. Na bado mlipe, kwa sababu huyo ndiye hana hata 36 ya kupoteza.

Sasa nyinyi wa "lokesheni?". Mimi huweka mtaa, siweki kona. Mnaniita mchoyo. Lakini nimeona kinachotokea jiko likishakuwa la mtandaoni. Wikendi watu wanakuja na magari kutoka mbali, wanaegesha kwa barabara, wanapiga picha, wanauliza kama kuna ya bila mafuta. Jumatatu bei ni 70, baada ya mwezi ni 80, kwa sababu mwenye kale kanafasi naye ana simu na ameona video, na amepandisha kodi yake. Yule mlinzi wa koti kubwa, ambaye ndiye aliyemfanya mathe ajue kupika vizuri kwa kurudi kila siku miaka yote hiyo, sasa anakula mandazi kavu. Na mtu yeyote anayeuza pembeni ya barabara Nairobi anajua vile msongamano wa magari huwaleta askari wa kaunti haraka kuliko kitu kingine. Hiyo lokesheni yako ina bei, ni vile tu hulipi wewe.

Badala ya kona nitawapa kitu kitawafaa mtaa wowote. Toka kabla ya saa moja. Baada ya saa tatu unapata yale mayai yamekaangwa mapema yakapangwa kama sahani, baridi, yanarudishwa tu kwa pani kukupa moyo. Fuata watu wanaotoka zamu ya usiku: walinzi, wahudumu wa hospitali, madereva. Hao wana njaa ya kweli na hawana pesa ya kucheza, hawawezi kurudi mahali pabaya mara mbili. Halafu angalia chini ya meza. Kuna ndoo au kikatoni cha maganda ya mayai. Kama maganda ni mengi na bado yamelowa, uko nyumbani. Kama hakuna maganda, jiulize hayo mayai yalivunjwa lini. Na ukifika, subiri foleni kimya, lipa, kula hapo hapo. Dakika tano baadaye si kitu kile kile.

Kitu kingine, uso wa mtu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya, na picha ya mtu ni data yake. Mwaka wa 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Mteja wa klabu anajua wakili wa kumpigia. Mathe wa jiko haonekani kama mtu wa kumpigia wakili, na ndiyo maana unamwekea kamera usoni bila kuuliza, halafu watu wanatengeneza stika na ule uso wake wa jasho. Uliza. Akikataa, piga mikono na pani. Kwani chakula chenyewe si ndicho umekuja kukionyesha?

Kuna mtu atasema, bro, umeandika haya yote kwa ajili ya yai na mkate wa chwani. Ni kitu kidogo sana.

Kidogo kweli? Mnakumbuka Juni 2024? Mswada wa Fedha ulikuwa unataka mkate wa kawaida utozwe VAT ya asilimia 16. Ulikuwa pia unataka ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Tarehe 18 Juni wakatangaza kwamba mkate umetolewa, mafuta yametolewa, na siku hiyo hiyo wakasema watatoza ushuru mayai, vitunguu na viazi vinavyotoka nje ya nchi ili kulinda wakulima wa hapa. Rudia hiyo orodha polepole: mkate, mafuta, mayai, vitunguu. Walikuwa wamekaa Bunge wanajadili mkate mayai, kiungo kwa kiungo. Tarehe 25 sote tunajua kilichotokea barabarani, na tarehe 26 rais akasema hatautia sahihi. Kizazi chetu kilisimama hapo tukisema bei ya mkate ni maisha ya watu. Nilikuwa najivunia sana. Sasa mtu yuleyule aliyeandika "mkate si anasa" kwa bango anafika kwa mathe na kamera na hawezi kutoa chwani? Shilingi 36 unayomtoa mathe ni kubwa kuliko VAT yoyote waliyokuwa wanataka kumwekea kwa hivyo vipande viwili. Piga hesabu mwenyewe: asilimia 16 ya 11 haifiki hata shilingi mbili.

Sisemi video za chakula ziishe. Zinanilisha mimi pia, na kuna watu waliokuwa wanaona haya kula kwa jiko ambao sasa wanakula kwa raha kwa sababu waliona mtu wa rika lao akifanya hivyo. Nataka tu kazi yetu iwe na gharama zake kama kazi zingine. Mpiga picha wa harusi hununua betri. Boda hununua mafuta. Wewe nunua yai. Kama unataka limwagwe mara tatu ndio litoke poa, lipia mara tatu, na ufanye hivyo saa nne wakati pani iko tupu na mathe amekaa. Atakuongelesha hata vizuri zaidi. Stori zote nzuri ninazo nilizipata saa nne.

Na tafadhali tuache kuita hizi sehemu "zilizofichika". Zimefichikia nani? Ziko kando ya barabara, zinatoa moshi, zina foleni ya watu kumi. Wewe ndiye ulikuwa umelala.

Wiki hii niko upande wa Lunga Lunga, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, pale mageti ya viwanda yanapobadilisha zamu. Nimebeba soo na nusu, inatosha mbili na chai. Ukiniona hapo kwa foleni, usinisalimie mpaka nimalize ya kwanza.